Kapsoya: Ukishatuma Doo ya Gari la Modeli, Muuzaji Ndiye Anakuwa Mteja

Kila Mkenya anaijua ile sauti ya dada kwenye simu: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Ndiyo maana huku kwetu mtu akizima simu tunasema amekuwa mteja. Sasa kwenye biashara ya magari ya modeli, hivi vigari vya Hot Wheels na ndugu zake, mambo yamepinduka kabisa. Wewe ndiye unanunua, wewe ndiye umetuma doo, lakini wiki mbili baadaye anayekuwa mteja ni muuzaji.

Najua kuna msee anasoma hii akicheka. Ati watu wazima na ndevu zao wanagombania toys? Ngoja kwanza. Hata mimi nilikuwa nacheka, mpaka siku niliyotuma deposit ya 3,000. Nitafika hapo.

Kapsoya si mahali ungetarajia hii story. Ni mtaa wa familia, walimu, makarani, wanafunzi wa kupanga na watu wa biashara ndogo ndogo, dakika chache tu za matatu kutoka town. Lakini ingia kwa nyumba fulani fulani, pita sofa na TV, utakuta ukuta umejaa vigari bado viko kwa kadi zake, vimepangwa kama vyeti vya shule. Hakuna mtoto anaruhusiwa kugusa. Mwenye nyumba anajua kila moja alinunua wapi, siku gani na kwa ngapi, na akianza kukuambia ni nani alimkula doo yake, chai itapoa.

Kabla sijaendelea, kuna kitu hunichekesha na hakina maana kubwa. Wazee wa hapa bado wanaita Eldoret "Sisibo", yaani sixty-four, kwa sababu town ilianzia kwenye shamba nambari 64 enzi za mkoloni. Posta ilifunguliwa hapo 1910, jina la Eldoret likaja 1912. Hot Wheels nazo ni skeli ya 1:64, kumaanisha gari halisi limepunguzwa takriban mara 64. Kwa hivyo hata baada ya Eldoret kupewa hadhi ya jiji Agosti 2024, kwa macollector huu bado ni mji wa sixty-four.

Turudi kwa ugomvi.

Gari moja, bei mbili

Kama hujui hii game, lazima uelewe kitu kimoja, kwa sababu kelele zote zinatoka hapo. Hot Wheels zilianza 1968 na zinatengenezwa na Mattel ya Marekani. Zile za kawaida husafirishwa kwa katoni ya magari 72, na katoni ina herufi inayoonyesha ni toleo gani la mwaka huo. Nyingi ndani yake ni magari ya kawaida tu, na mengine ni ya kubuni ambayo hujawahi kuona barabarani: dinosaur mwenye magurudumu, papa mwenye injini. Hayo hukaa kwa shelfu mpaka yanashika vumbi.

Lakini tangu 1995 Mattel wamekuwa wakichanganya humo ndani magari machache wanayoita Treasure Hunt, na 2007 wakaongeza daraja la juu ambalo kila mtu anaita Super. Super ina rangi ya kung'aa tofauti na tairi za raba badala ya plastiki. Sasa shika hapa: kwenye shelfu bei yake ni ile ile ya lile dinosaur. Hakuna stika ya kusema hii ni dhahabu. Ni jicho lako tu. Ukiijua, umeibeba kwa mia kadhaa na unaweza kuiuza kwa maelfu. Usipoijua, mtoi wako anaigongesha kwa ukuta jioni hiyo hiyo na maisha yanaendelea.

Na si Super pekee. Gari lolote ambalo Wakenya wanalipenda barabarani linakuwa moto kwenye kadi. Skyline. Subaru Impreza. Land Cruiser. Wasee wa Subaru unawajua walivyo; yule ambaye hana pesa ya Subaru ya kweli atatafuta ile ya kushika kwa mkono, na hataki kusikia ati imeisha.

Kwa hivyo faida yote ya hii biashara iko kwa mtu wa kwanza kufungua katoni, wala si kwa ujanja wa kuuza. Huyo ndiye anachagua. Na huyo mtu wa kwanza hayuko Kapsoya. Mzigo mwingi unaingilia Nairobi, unafunguliwa Nairobi, na kabla basi la parcel halijatoka huko, marafiki wa muuzaji wameshapita, mabroker wamepita, na yule jamaa wa stoo amejiwekea zake mbili chini ya kaunta. Kinachopanda mpaka Eldoret mara nyingi ni papa na dinosaur.

Inauma zaidi ukikumbuka sisi tuna uwanja wa ndege wa kimataifa hapa karibu, uliofunguliwa 1997, na ndege za mizigo zimekuwa zikitua hapo miaka mingi. Lakini kigari cha gramu hamsini kinazunguka mpaka Nairobi ndiyo kirudi kwetu na parcel.

Ndiyo maana collector wa Kapsoya hana raha ya kuingia duka na kuchagua. Supamaketi za town ataziangalia kila Jumamosi, sawa, lakini magari ya maana atayapata kupitia mtu. Plug. Jamaa wa WhatsApp ambaye anaposti picha ya katoni saa nne usiku na kuandika "nani anataka?" Na hapo kuna sekunde chache za kuandika "niwekee boss" kabla mwingine hajaandika.

Hizo sekunde chache ndizo zinauzwa. Watu wanafikiri wananunua gari. Wananunua nafasi kwa foleni, na foleni yenyewe inashikwa na mtu mmoja ambaye hakuna anayemwona akiihesabu. Ndiyo maana ukiskiza vizuri malalamiko ya wateja, bei haiko juu sana. Msee atalipa 4,000 kwa kitu cha 400 na bado atasema asante kiongozi. Kinachomchoma ni kuambiwa "imeenda" halafu kesho yake anaiona kwa status ya mtu mwingine, ameuziwa juu zaidi. Alikuwa wa kwanza na akaruka foleni mtu mwenye doo zaidi.

Mimi sioni ubaya muuzaji akiwawekea wateja wake wa miaka. Mama mboga hukuwekea nyanya poa kwa sababu hununua kwake kila siku, na hakuna anayemshtaki. Ubaya ni kusema "wa kwanza kujibu ndiye anapata" wakati ukweli ni mnada wa siri kwa inbox. Kama ni mnada, sema ni mnada. Wasee watapanda bei wazi wazi na atakayeshindwa ataenda kulala.

Hii si shida yetu pekee. Mei 2021 kule Marekani duka la Target lilisimamisha kabisa kuuza kadi za Pokémon kwenye matawi yake kwa sababu ya usalama wa wateja na wafanyakazi. Kadi za karatasi! Kitu kikishakuwa na bei mbili, moja ya shelfu na moja ya mtaani, ile tofauti katikati itapiganiwa na mtu. Huko wanapigana kwa parking. Huku kwetu tunapigana kwa inbox, kwa heshima, tukiitana boss.

Deposit ni loan, tuache kujidanganya

Sasa hapa ndipo nataka tuongee kwa sauti.

Karibu kila plug siku hizi anauza kwa oda ya mapema. Anaposti picha ya gari ambalo halijafika nchini, labda hata halijatoka kiwandani, anasema bei ni hii, tuma nusu ushike nafasi. Kwa magari ya bei, zile Mini GT na zile kubwa za 1:43 au 1:18, hiyo imekuwa ndiyo kawaida.

Tuseme ni watu ishirini, kila mmoja ametuma 1,500. Hiyo ni 30,000 iko kwa simu ya mtu. Benki ikimpa hiyo doo itataka riba, itataka kujua anafanya nini nayo, na itampigia simu siku ya malipo. Wewe wa Kapsoya umempa bila riba, bila karatasi, bila tarehe, na ukimpigia simu wewe ndiye unaonekana msumbufu. Umekuwa SACCO yake bila hata kuwa mwanachama.

Wengi wao si wezi. Hii lazima niseme, kwa sababu kwa magroup tumezoea kumwita kila mtu conman. Kinachotokea mara nyingi ni hivi: deposit yako imelipia mzigo wa watu wa mwezi uliopita. Mzigo wako utalipiwa na deposit za mwezi ujao. Gurudumu linazunguka poa mpaka mzigo mmoja ukwame, ama wateja wapungue mwezi mmoja, ama mtoto wa jamaa augue. Hapo ghafla hakuna doo ya kurudisha na hakuna gari la kutuma. Jamaa anaona aibu. Mkenya akiona aibu ya deni anafanya nini? Anazima simu. Anakuwa mteja.

Yangu ilienda hivyo hivyo.

Mzee wangu alikuwa kijana mdogo 1974, Joginder Singh aliposhinda Safari Rally na Mitsubishi Lancer 1600 GSR. Kwa wale wadogo: Safari ilianza 1953, ilikuwa inakimbizwa wakati wa Pasaka, na Joginder aliishinda mara tatu, 1965 na Volvo, halafu 1974 na 1976 na Lancer. Mzee aliifuata kwa redio ya VoK, na mpaka leo ukimpa nafasi atakusimulia vile kale ka-Lancer kadogo kalizilaza gari kubwa za wazungu. Tangu mashindano ya dunia yarudi Kenya 2021, kule Naivasha, huwa anaangalia kwa TV na kusema hawa wa sasa wanakimbia kwa shamba la mtu, si Safari.

Basi nikaona modeli ya hiyo Lancer, skeli 1:43, imeposti. Bei 6,500. Nikasema hii ni ya mzee, birthday yake ilikuwa imebaki miezi miwili. Nikatuma 3,000. Nikajibiwa na kopa mbili na "karibu sana mkuu".

Mwezi wa kwanza: "Mzigo uko njiani boss."

Mwezi wa pili: "Boss clearance inasumbua kidogo, wiki ijayo bila kukosa."

Birthday ikapita. Mzee akala keki, mimi nikala maneno yangu, kwa sababu mjinga mimi nilikuwa nimeshamwambia.

Mwezi wa tatu akaanza kuniblutick. Wa nne nikapiga kwa laini ya rafiki, akashika, akasikia sauti yangu, akasema yuko kwa mkutano. Saa mbili usiku.

Mwenye kosa hapo ni nani? Yeye, kwanza. Lakini nimerudi kusoma zile chat zetu mara nyingi na nimegundua hakuna mahali nilimuuliza gari linafika tarehe gani na lisipofika inakuwaje. Nilituma 3,000 kwa nguvu ya kopa mbili za emoji.

Upande wa wauzaji, nao wameonewa

Nimeongea na wauzaji kadhaa wa hapa na wa Nairobi, na wao pia wana machozi yao.

Ya kwanza ni gharama. Mteja anaangalia intaneti, anaona gari linauzwa Marekani kwa dola moja na kitu, halafu anakuja kupiga kelele kwa nini hapa ni mia nne. Hahesabu usafiri. Hahesabu ushuru wa forodha, ada ya IDF ya asilimia 2.5, na VAT ya asilimia 16. Hahesabu yale mapapa yaliyobaki kwa stoo ambayo muuzaji alilazimika kununua ndiyo apate Skyline mbili. Ndiyo maana wengine wanauza kwa kufunganisha: ukitaka hii moto, beba na hizi tatu baridi. Wateja wanachukia hiyo tabia kabisa. Mimi naona ni sawa tu kama umeambiwa mapema. Kuambiwa baada ya kutuma doo ndiyo utapeli.

Ya pili ni "niwekee". Hili neno limeua biashara za watu. Msee anaandika niwekee, muuzaji anakataa wateja wengine watatu, mwisho wa mwezi msee anasema ati landlord amemkalia. Gari limekaa, moto wake umeisha, bei imeshuka. Hasara ni ya nani? Wauzaji wanasema deposit ilianza kwa sababu ya hiyo tabia, na hapo siwezi kubishana nao.

Ya tatu ni reversal. Kila mtu anajua ukikosea nambari unatuma ile message ya M-Pesa kwa 456 na Safaricom wanaangalia. Hiyo huduma ni ya kuokoa mtu aliyekosea, lakini kuna wajanja wanaitumia kulipa, kuchukua gari, halafu kudai walikosea nambari. Muuzaji ambaye hajawahi kuchezwa hivyo anajua mwenzake aliyechezwa. Na uelewe pia upande wako: reversal haijatengenezwa kuamua kesi ya gari lililochelewa miezi minne. Ulituma kwa mtu sahihi, kwa hiari yako.

Halafu kuna ile ya kadi. Collector wa kweli hafungui pakiti, kwa hivyo kadi ikikunjwa kona moja anataka nusu ya doo irudi. Muuzaji anasema ilitoka kwake ikiwa poa, ofisi ya parcel inasema boksi lilikuja hivyo. Gari lenyewe halina hata mkwaruzo! Mtu wa nje akiwasikia watu wazima wawili wakigombana kwa sababu ya kona ya karatasi ataita polisi. Lakini kwa hii game kona ni doo, na picha mbili kabla ya kufunga boksi zingemaliza huo ugomvi. Wachache ndio wanapiga.

Na kuna wizi kabisa, tusijifiche. Gari la kawaida linabadilishwa tairi, linawekwa zile za raba, linabandikwa tena kwa kadi na kuuzwa kama Super. Ukinunua ya bei, itisha picha ya nyuma ya kadi, ya kando pale plastiki inaposhikana na karatasi, na karatasi yenye tarehe ya leo kando yake. Muuzaji mwenye kitu halisi hatakasirika. Akikasirika, umepata jibu lako bila kutumia hata shilingi.

Sheria iko, lakini tunapenda kuanikana

Mtu wa Kapsoya akikulwa, hatua ya kwanza ni gani? Screenshot. Anaposti jina la jamaa, nambari yake, wengine mpaka picha ya kitambulisho na ya familia. "Tahadhari, huyu ni mwizi." Group inachemka siku mbili. Doo hairudi.

Naelewa hasira, nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeshaandika post yangu nzima. Lakini Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019, na ofisi yake haichezi. Septemba 2023 ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila ruhusa yake. Unaweza kujikuta wewe uliyekulwa 3,000 ndiye unaandikiwa barua. Na kuna ubaya mwingine: ukishamwanika mtu, hana tena sababu ya kukulipa. Jina lake limeshachomeka, aibu ameshaimaliza, anabadilisha laini na kuanza upya.

Wakati huo huo tuna silaha ambazo hatuzitumii. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mteja haki ya kupata bidhaa ya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji, na haki ya kulipwa fidia akipata hasara. Sheria ya zamani ya uuzaji wa bidhaa inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na hayo maelezo. Umeniambia Super, uniletee Super. Halafu kuna sheria ya kulinda wateja ya 2012, na hiyo inagusa mpaka biashara ya mtandaoni: muuzaji anafaa kukupa habari muhimu kabla hujakubali, na akupe nafasi ya kukubali ama kukataa. Ile ya "nani anataka?" saa nne usiku, tuma nusu sasa hivi, iko mbali sana na hapo.

Na kuna Mahakama ya Madai Madogo. Iliundwa na sheria ya 2016, inasikiza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inafaa kuamuliwa ndani ya siku 60. Eldoret iko nayo, huhitaji kupanda shuttle ya Nairobi. Ushahidi wako ni chat na message ya M-Pesa, vitu ambavyo tayari viko kwa simu yako, usivifute kwa hasira.

Je, mtu ataenda kortini kwa 3,000? Pengine hapana, na wauzaji wanajua. Hesabu yao iko hapo: kila mtu anadaiwa kidogo, kila mtu anaona si ya kusumbukia, lakini kwa jumla ni mshahara wa mtu. Lakini watu sita wa mtaa mmoja wakienda na chat zao siku moja, kila mmoja na dai lake, hiyo hesabu inabadilika. Na hata kabla ya korti, barua fupi ya adabu inayosema "nitafungua dai tarehe fulani" imewahi kufufua simu nyingi zilizokuwa zimezimwa. Yangu iliamka kwa njia hiyo.

Kuna upande mwingine wa hii biashara ambao hauna makelele, na nauweka hapa kwa sababu unanishangaza. Ni vijana wanaotengeneza nganya ndogo kwa mkono. Unajua zile: matatu ya plywood na plastiki, graffiti yote iko, taa zinawaka, wengine wanaweka mpaka spika ndani. Kwao hakuna katoni ya 72, kuna mikono tu. Nao wanachukua deposit, na kazi moja inaweza kuchukua wiki kadhaa. Fundi mmoja ninayemjua anatuma picha kila hatua: bodi imesimama, rangi ya kwanza, madirisha, taa. Akichelewa unaona mwenyewe amefika wapi. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, akaniangalia kama mtu asiyejua kitu. Akasema mteja akiona mbao yake inakua, hapigi simu.

Muuzaji wa magari ya kiwandani hawezi kukuonyesha gari likikua, ni kweli. Lakini anaweza kukuonyesha risiti ya oda yake kwa supplier. Anaweza kuandika mistari mitatu kabla ya kupokea doo: bei kamili ni hii, tarehe ya mwisho ni hii, ikipita narudisha yote ndani ya siku kadhaa. Anaweza kukaa na deposit za watu kwa till tofauti na doo yake ya unga. Na mteja naye anaweza kukataa kutuma hata bob moja bila hiyo mistari mitatu. Shida ni ile hofu ya kukosa. Picha ikitokea tu, mkono unakimbia kwa M-Pesa kabla ubongo haujavaa viatu.

Yule jamaa wangu? Baada ya barua alinirudishia soo sita. Wiki mbili baadaye tena soo sita, halafu soo sita nyingine mwisho wa mwezi. Imebaki 1,200. Kila Ijumaa ananiambia Jumatatu.

Mzee bado anauliza. Jumapili tukitoka kanisani ananipiga bega: "Weri, hiyo Lancer imefika wapi?" Nikamwambia ukweli wote. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema Joginder alikimbiza hiyo gari maelfu ya kilomita kwa matope na akamaliza Pasaka hiyo hiyo, na hii ya kwenu imeshindwa kutoka Nairobi mpaka Eldoret, kilomita mia tatu na kitu za lami, miezi mitano sasa.

Jana usiku jamaa ameposti oda mpya. Impreza ya Safari, 1:43, tuma nusu ushike nafasi. Nilipoangalia mara ya mwisho watu kumi na mmoja walikuwa wameandika "niwekee boss". Wawili nawajua, ni wa hapa Kapsoya. Nimewatumia chat yangu na yeye, ile yote kutoka mwanzo. Mmoja amejibu asante. Mwingine ameniblutick.